Vichwa Viendavyo Ng'ambo

Msafiri atokaye mjini Iringa na kushika njia iendayo Hifadhi ya Ruaha, kabla hajamaliza hata kilomita 20, hufika Kalenga. Ni kijiji cha wakulima, chenye mashamba ya mahindi na bustani za nyanya na vitunguu kama vijiji vingine vya jirani. Mtu asiyejua historia aweza kupita bila ya kugeuza shingo. Lakini hapo Kalenga pana nyumba ndogo ya makumbusho, na ndani yake, katika sanduku la kioo, limewekwa fuvu la kichwa cha Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Fuvu hilo limepata kusafiri mbali kuliko wengi wetu.

Twalikumbuka fuvu hilo leo kwa sababu ya safari nyingine. Kila mwaka, ifikapo Agosti na Septemba, vijana wa Nyanda za Juu Kusini hupanda basi kwenye stendi ya Igumbilo, wakateremka Kitonga, wakapita Mikumi na Morogoro hata Dar es Salaam, na kutoka huko wakapanda ndege kwenda masomoni China, India, Uturuki, Urusi, Uingereza au Marekani. Mama huwafunga kanga begani, baba huwashika mkono asiseme neno, na wadogo zao huwauliza kama huko waendako kuna ugali. Ni safari ya furaha, na sisi twaifurahia pamoja nao. Hata hivyo yafaa tuulize, kabla basi halijaondoka: kichwa hiki kinachokwenda Ng'ambo kinakwenda kufanya nini, na kitarudi na nini?

Kwanza twende kwenye historia yenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891, askari wa Mkwawa waliliangamiza huko Lugalo jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akauawa. Wajerumani hawakusahau. Mwishoni mwa Oktoba 1894 waliipiga ngome ya Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa hakusalimu amri. Aliendelea kupigana maporini kwa muda wa miaka karibu minne, hata tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa huko Mlambalasi, akajiua kwa risasi kuliko kutiwa mikononi mwa adui. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliiagiza Ujerumani kukitoa kichwa hicho katika muda wa miezi 6. Hakikutolewa. Ilipita zaidi ya miaka 30 ndipo Gavana Edward Twining alipokwenda katika makumbusho ya mji wa Bremen, akachagua fuvu moja miongoni mwa mengi yaliyowekwa huko, akalileta Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Aliyelipokea ni Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, yule yule ambaye baadaye wananchi walimjua kwa miaka mingi kuwa Spika wa Bunge letu.

Basi hiyo ndiyo safari ya kwanza ya Ng'ambo inayokumbukwa Kalenga. Kichwa kilichukuliwa bila ya mwenyewe kutaka, kikakaa huko miaka 56, kisha kikarudi. Huko kilikokaa hakikujifunza neno, wala kiliporudi hakikuwa na la kusema. Waliokichukua ndio waliojifunza kwacho, au walidhani wanajifunza, kwani zama hizo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakipima mafuvu ya Waafrika kwa rula ili wathibitishe ubora wao wenyewe. Na tazama ajabu ya mambo: miaka hiyo hiyo ambayo kichwa cha Mkwawa kilikuwa Ujerumani, Mwafrika wa pwani yetu, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, alikuwa Berlin kuanzia mwaka 1900 akiwafundisha Wajerumani Kiswahili. Nchi moja ilikuwa na kichwa cha Mwafrika ghalani na Mwafrika mwingine darasani, naye ni mwalimu.

Siku 18 tu baada ya fuvu kurudi Kalenga, yaani tarehe 7 Julai 1954, TANU iliundwa mjini Dar es Salaam. Rais wake wa kwanza, Julius Nyerere, alikuwa naye amerudi kutoka Ng'ambo miaka miwili tu nyuma. Aliondoka mwaka 1949 kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Wakati ule Mtanganyika aliyetaka elimu ya juu hakuwa na hiari. Katika Tanganyika nzima hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kilichokuwa karibu ni Makerere, Uganda, na aliyetaka kupita hapo alilazimika kuvuka bahari. Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20, tena katika jengo la Chama katika mtaa ambao leo waitwa Lumumba.

Tusidhani kwamba Mwalimu alipata ujasiri wake Edinburgh. Ujasiri alikwenda nao. Alichokipata huko ni historia, uchumi na maarifa ya siasa ya watu wengine. Aliporudi akafundisha Pugu, akayatumia aliyoyasoma kuwajibu watawala kwa lugha yao wenyewe. Na hata baada ya kuwa Rais hakuacha kuwagawia wananchi alichokileta. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare unaomhusu Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Mtu mwingine angeridhika kujisifu kwamba amemsoma Shakespeare. Yeye aliona kwamba kitu kizuri alichokionja peke yake ni deni, na deni hulipwa kwa lugha wanayoielewa wadai.

Neno deni twalitumia makusudi. Mwalimu alipata kumfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akila, akashiba, kisha asirudi, amewasaliti. Wako wanaosema kwamba mfano huo ulikuwa wa zama zile ambapo Serikali ilimlipia kila mwanafunzi, na kwamba leo wengi hulipiwa na wazazi wao. Hebu tutazame kwa makini. Mzazi wa Kalenga anayempeleka mtoto Ng'ambo anauza nini? Anauza ng'ombe, anauza gunia baada ya gunia la mahindi, pengine anauza kipande cha shamba ambacho nduguze nao walikuwa na haki nacho. Shangazi huchanga, mjomba hukopa, na mdogo wake msichana huambiwa asubiri mwakani. Huyo mdogo anayesubiri ndiye mlipaji mkubwa kuliko wote, ijapokuwa jina lake halimo katika stakabadhi yoyote. Kwa hiyo njaa ya kijiji ingalipo, na chakula kilichobaki bado anapewa mmoja.

Wafanyakazi wana mfano wao walio na haki ya kujivunia. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970, nayo yapita katika nyanda hizi hizi, Makambako na Mbeya, kabla ya kuvuka mpaka Tunduma. Kujenga reli ni jambo moja, kuiendesha ni jambo jingine. Ndiyo sababu mwaka 1972, wakati mataruma yangali yakitandikwa, vijana kiasi cha 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli: injini, njia, ishara na uendeshaji. Walijifunza Kichina, lugha ambayo wengi wao hawakuwa wamepata kuisikia, wakavumilia baridi kali, wakarudi mwaka 1975 reli ikiwa karibu kukabidhiwa. Hawakuuliza, "Tukirudi tutapata kazi gani?" Kazi ilikuwa imelala chini kwenye kokoto ikiwangoja.

Katika habari hiyo mna siri moja ambayo twaomba isitupite. Vijana wale walirudi kwa sababu walikuwa wazalendo, naam. Lakini walirudi pia kwa sababu walitumwa kwa haja inayojulikana, kwa muda unaojulikana, na mahali pao palikuwa pamewekwa tayari. Uzalendo ulikuwa na mpango wa kuushika mkono.

Kenya nako upo mfano. Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja kwenda kusoma Marekani, wakafuatwa na mamia mengine katika miaka iliyofuata. Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, aliyesomea elimu ya viumbe katika jimbo la Kansas. Aliporudi, hakujifungia maabara. Mwaka 1977 alianzisha harakati za kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 dunia ikampa Nishani ya Nobeli ya Amani. Elimu yake ilitoka Kansas, bali matatizo aliyoyatatua yalikuwa ya mama wa Kikuyu anayetafuta kuni na maji.

Sasa twende kwenye upande ulio mgumu, maana tusiposema kweli yote tutakuwa tumesema uongo. Wako vijana wetu wasiorudi. Ni rahisi kukaa kibarazani na kuwaita wasaliti. Lakini tumsikilize mmoja wao angesema nini. Angesema: "Nimesoma udaktari kwa miaka sita. Ndugu zangu waliohitimu nyumbani wanakaa miaka wakingoja ajira. Hapa nalipwa, na kila mwezi natuma fedha zinazomsomesha mdogo wangu. Nikirudi nitakaa kwa mama nile jasho lake tena. Nani basi aliye msaliti?" Sisi hatuna jibu jepesi la kumpa kijana huyo, wala hatutaki kujifanya tunalo. Twasema hivi tu: deni lina pande mbili. Kijana anadaiwa na kijiji, na nchi nayo inadaiwa na kijana. Zahanati zetu zikiwa na upungufu wa waganga ilhali waganga wamekaa bila ya kazi, kosa hilo haliwezi kubebeshwa mwanafunzi aliyeko Ng'ambo. Wenye madaraka ya kupanga ajira na walisikie neno hili, kwani wao ndio wanaoweza kufanya kwa madaktari na mafundi wa leo yale yaliyofanywa kwa vijana wa reli.

Pamoja na hayo, si kila safari ya Ng'ambo ni ya lazima. Mwaka 1949 Mwalimu hakuwa na hiari; kijana wa leo anayo. Hapo hapo Iringa pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichopandishwa daraja mwaka 2005 na kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pana Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mbeya pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Jina la yule ambaye kichwa chake kilipelekwa Bremen leo limeandikwa kwenye lango la chuo, na watoto wa wakulima huingia humo kwa miguu yao. Kwa nini basi mzazi auze shamba ili mwanawe akasome Ng'ambo somo linalofundishwa mwendo wa dakika chache kutoka nyumbani kwake, eti kwa sababu tu cheti kina mhuri wa kigeni? Anayekwenda na aende kutafuta kisichopatikana hapa: ufundi mpya, maabara kubwa, ujuzi adimu. Kwenda kwa ajili ya kupiga picha kwenye theluji ni anasa, na anasa haijengi ukoo.

Kisha iko hatari, nayo imekwisha kutuumiza. Mwaka 2022 vita ilipozuka Ukraine, wanafunzi wa Kiafrika, Watanzania wakiwamo, walikwama katika miji inayopigwa mabomu. Oktoba 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo walipoteza maisha katika mashambulio ya tarehe 7 ya mwezi huo. Walikuwa wamekwenda kutafuta maarifa ya kulima, na wazee wao wakabaki wakingoja habari kwa majuma mengi. Na mwaka 2024 vyombo vya habari vya dunia vilifichua habari za wasichana wa nchi kadhaa za Afrika, Uganda na Kenya zikiwamo, walioitwa kwa njia ya mtandao kwenda Alabuga, Urusi, wakiahidiwa kazi pamoja na masomo, wakajikuta kiwandani wakiunda ndege za kivita zisizo na rubani. Kichwa cha Mkwawa kilichukuliwa kwa upanga. Siku hizi vichwa vyaweza kuchukuliwa kwa tangazo zuri lenye picha ya wanafunzi wanaocheka.

Kwa hiyo twapenda kuwapa wazazi na vijana ushauri ulio wazi. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo kile kinatambuliwa, maana shahada isiyotambuliwa ni karatasi tu utakaporudi. Barua ya kukubaliwa isomwe yote, na pale inaposema "kazi na masomo" iulizwe: kazi gani, saa ngapi kwa siku, kwa mshahara gani, na masomo yenyewe ni yapi? Wakala anayetaka fedha taslimu mkononi bila ya stakabadhi, tena leo leo, huyo aachwe apite. Ufadhili wa kweli hutangazwa hadharani na serikali, balozi na vyuo vyenyewe. Mwenye haki hana sababu ya kunong'ona. Hati ya kusafiria ikae kwa mwenyewe siku zote, asimpe mtu yeyote amtunzie. Nakala za vyeti zibaki nyumbani. Na msafiri akifika tu, ajiandikishe katika ubalozi wetu ulio karibu, ili siku ya shida ajulikane yuko wapi. Waliojulikana walipo ndio walio rahisi kuokolewa.

Nawe kijana unayefunga sanduku, twakusihi kama ndugu. Utakutana na baridi ambayo hata Mufindi ya Juni haijakufundisha. Utakuta watu wasioamkiana njiani, na utakumbuka kwamba Kalenga hupiti mlango wa mtu bila ya kusema "Kamwene." Majuma ya kwanza utakuwa mpweke, usione haya, wengi wamepitia. Tafuta Watanzania wenzako, lakini usijifungie nao, maana hukwenda huko kuishi Iringa iliyo ndogo. Watu wa huko watakuuliza habari za kwenu. Jibu kwa kweli, bila ya kujipendekeza wala kuidharau nchi yako. Kuna watakaotaka uione asili yako kuwa ni kitu cha kuwekwa kwenye sanduku la kioo. Wewe unajua, kuliko wao, sanduku la kioo lina maana gani.

Nanyi mnaobaki msidhani kazi yenu imekwisha basi lilipoondoka. Yuko yule mdogo mtu aliyeambiwa asubiri mwakani. Mwakani ukifika asiambiwe tena vile vile. Wafanyakazi wenye vyama vya kuweka na kukopa na wafikirie kuwawekea akiba wasichana wa aina hii. Na aliyeko Ng'ambo, shilingi yake ya kwanza ya ziada na iende kwa huyo kabla haijanunua simu mpya. Hilo halihitaji kungoja shahada, wala halihitaji kungoja kurudi.

Wazee walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Si lazima kila mtu arudi kwa mwili wake mwaka ule ule anaomaliza masomo. Ziko sababu, nasi tumezisikia. Lakini kila mtu na arudi kwa jambo: kwa kazi, kwa ujuzi, kwa kitabu kilichotafsiriwa, kwa mdogo aliyesomeshwa, kwa mti uliopandwa. Iringa ilipata kungoja miaka 56 kichwa kimoja, na kiliporudi kilikuwa mfupa. Watu walikipokea kwa heshima na machozi, kwa kuwa kilikuwa kichwa cha mtu aliyekataa kutawaliwa. Vichwa tunavyovisindikiza leo vinakwenda vikiwa hai, vina macho ya kuona na vinywa vya kusema. Twawatakia safari njema, na twawaambia wazi kwamba tunawangoja.